Kwa Nini Mashine Ilimkataa Mama Milembe

Siku nilipokabidhi funguo za chumba cha kompyuta pale chuoni, vijana niliowaachia kazi waliniomba niwaandikie mambo niliyoyaona. Habari za vyeo nitaziacha, kwa sababu vyeo vyangu vinaenea kwenye sentensi moja, na sentensi yenyewe haichekeshi. Nitaandika habari za mashine na za watu waliokaa mbele yake. Zaidi nitaandika juu ya kazi moja iliyonisumbua kuliko zote, nayo ilihusu vitufe vichache vya kibodi ambavyo ninyi mnavibonyeza kila siku bila kuviwazia.

Nilianza na taipureta. Siku hizo Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na Simiyu kwetu lilikuwa jina la mto. Aliyenifundisha ni Mzee Shija, fundi aliyezunguka na baiskeli kwenye ofisi za ushirika wa pamba, za misheni na za shule. Mkoba wake ulikuwa na bisibisi, koleo ndogo, mswaki wa manyoya magumu, na chupa ya mafuta ya cherehani aliyoilinda kama dawa ya macho. Ukifanya kazi kwenye nchi ya pamba, adui yako ni nyuzi. Zinaingia kila mahali, zinajisokota kwenye vyuma, na herufi zinaanza kwenda kwa kusitasita.

Safari yangu ya kwanza naye ilikuwa Lamadi, kwa karani wa mfanyabiashara wa samaki. Herufi ya "a" ilikuwa inakwama. Mimi, kwa hamu ya kuonekana fundi, nikachomoa bisibisi kabla hata hatujamaliza kusalimiana. Mzee Shija akanishika bega.

"Rudisha hiyo. Kaa hapo, mwache mwenyewe afanye kazi kama kawaida yake. Wewe nyamaza uangalie."

Tukakaa. Karani akachapa mstari, akamega kipande cha sato kilichokuwa kwenye karatasi pembeni, akachapa tena. Kila alipomega, kitu kidogo cheupe kiling'aa na kudondoka katikati ya vitufe. Mzee Shija alipoifungua ile taipureta, tulitoa magamba ya samaki ya kutosha kumvalisha samaki mwingine. Karani alikasirika, akasema ametuita tutengeneze mashine, hakutuita tumchunguze anavyokula. Mzee Shija akamjibu kwa upole kwamba kwa upande wetu hiyo ilikuwa kazi moja.

Miaka ikaenda hivyo, ikabadilika ghafla. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, malori ya wanunuzi wapya yakaanza kugombania mkulima vijijini, na ushirika ukapungua kama sabuni kwenye karai la maji. Ofisi zilifungwa moja baada ya nyingine. Taipureta nilizokuwa nazisafisha ziliuzwa kwa mnada pamoja na makabati, na waliozitumia wakapunguzwa kazi. Mzee Shija akarudi kwake Nkololo kulima. Mimi nikabaki na mkoba wa vifaa na mashine za kuhesabika kwa vidole.

Aliyeniokoa na njaa ni Bwana Nkwabi, mhasibu wa zamani wa ushirika, ambaye alipoondolewa hakulia, akafungua duka la steshenari na uchapaji karibu na soko. Kila mtu alikuwa anahitaji karatasi wakati ule. Ukitaka kufungua duka, kikundi, shule au kanisa, lazima uwe na maandishi yaliyochapwa. Bwana Nkwabi alinunua kompyuta iliyokwishatumika kutoka Mwanza, akaniita.

"Fundi Sayi, hii nayo ina vitufe kama taipureta. Utaiweza?"

Nilimwambia nitaiweza. Sikuwa na uhakika, ila nilikuwa na hamu ya kuijua, na nimeishi kwa hamu hiyo tangu siku ile.

Mchapaji wake alikuwa Mama Milembe. Alikuwa mjane, umri wa dada yangu mkubwa, na pale ushirika alikuwa mchapaji wa mkuu wa ofisi kwa miaka mingi. Macho yake yalikuwa mekundu tangu nimfahamu, kwa moshi wa kuni na kwa kazi ya kusoma miandiko mibaya ya wakubwa. Alichapa kama mvua ya masika inavyopiga bati. Macho yalibaki kwenye karatasi anayonakili, vidole vikijiendea vyenyewe.

Kompyuta ile ya kwanza haikuwa na picha wala mausi. Kioo kilikuwa cha bluu na maandishi meupe, na kila amri ulitoa kwa ule mstari wa vitufe vya juu, kuanzia F1. Ilikuja na kipande cha karatasi ngumu cha kupachika juu ya vitufe, kukukumbusha kila kimoja kinafanya nini. Mama Milembe alikitumia msimu mmoja wa kilimo, kisha akakitoa na kukitumia kuwafukuzia nzi. F10 kusevu. Alt pamoja na F4 kushika aya, kisha Enter, na aya nzima inawaka, unaihamisha unapotaka. F7 kutoka. Ukibonyeza F7, mashine inauliza maswali mawili, la kwanza kama usevu kazi, la pili kama kweli unataka kutoka. La kwanza alijibu ndiyo, la pili akajibu hapana, ili abaki ndani aanze kazi nyingine. Aliyajibu maswali hayo siku nzima bila kuinua macho.

Halafu radi ikapiga waya wa umeme mchana mmoja, na kompyuta ile ikatoa harufu ya mpira ulioungua. Bwana Nkwabi akaagiza nyingine kutoka Dar es Salaam, mpya kabisa, ya madirisha na mausi. Programu ya kuandikia ilikuwa na jina lile lile la zamani, toleo jipya. Pamoja nayo akaajiri binti aliyesomea kompyuta Mwanza, Anastazia, mtoto wa muuza samaki wa Lamadi, mwepesi na mcheshi. Wakawa wanapokezana kiti, Anastazia asubuhi, Mama Milembe mchana.

Baada ya muda mfupi kazi zikaanza kupotea.

Hazikupotea zote. Barua fupi zilitoka salama. Lakini kazi ndefu, zile za kurasa nyingi, Mama Milembe akiwa katikati, kioo kilijifunga ghafla, na akifungua tena anakuta nusu au hakuna kitu kabisa. Kwa Anastazia haikutokea hata siku moja. Katiba ya kikundi cha wakulima wa Migato, waliokuwa wanataka kusajiliwa ili wauze pamba yao kwa pamoja kabla wanunuzi hawajawagawa, ilipotea, ikachapwa upya, ikapotea tena.

Niliitwa. Nikatafuta virusi, sikuviona. Nikafuta programu nikaiweka upya. Nikabadilisha waya, nikahamisha meza mbali na dirisha, nikalaumu jenereta. Kila nilipomaliza nilijaribu mwenyewe kwa mausi, mashine ikanyooka kama askari. Nikiondoka tu, Mama Milembe akikaa, inakula kazi.

"Mimi naiambia hapana," alinieleza. "Inaniuliza kama nataka kutoka, naiambia hapana, na inatoka. Hainisikii."

Nilitikisa kichwa kumhurumia. Nilidhani amechanganyikiwa na mambo mapya.

Neno la kwanza alilisema Anastazia, na sidhani kama alilisema kwa ubaya. Alisema, "Mashine haimtaki Mama." Lakini neno hilo lilitoka dukani likaenda sokoni, na huko halikurudi kama lilivyokwenda. Likawa mashine inakufa akiigusa. Likawa kila anachogusa kinakufa. Watu wakakumbuka mumewe alivyofariki, wakakumbuka na rangi ya macho yake. Ninyi mliozaliwa juzi mwulizeni mtu mzima yeyote wa huku kwetu maana ya mjane anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu, na watu wameanza kunong'ona habari za uchawi. Sitaeleza zaidi. Ilikuwa inatisha, na kazi ilikuwa jambo dogo kati ya yale ambayo angeweza kupoteza.

Wateja wakaanza kuuliza mlangoni nani anachapa leo. Bwana Nkwabi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaniita pembeni.

"Fundi, hebu niambie ukweli. Mashine ina ugonjwa au haina?"

"Sijauona."

"Basi kama hauonekani, mimi nitamwomba Mama apumzike. Siwezi kufunga duka."

Siku aliyopanga kumwambia, nilikuwa pale. Nilikuwa nimekuja kuchukua vifaa vyangu niende zangu. Mama Milembe alikuwa kwenye kiti, anaichapa katiba ya Migato kwa mara nyingine. Anastazia alisimama mbali kidogo na meza, mikono kifuani. Na kwenye benchi alikaa mgeni, Bwana Maduhu, shemeji yake Mama Milembe, kaka wa marehemu mumewe, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Alikuwa ametoka Nkololo alfajiri.

"Mwadila, mayu," alikuwa amemsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama, kwa heshima kabisa. Kisha akasema mbele yetu sote, "Kule nyumbani wanasema maneno. Nimetumwa nije nione mwenyewe, nikawaambie."

Mama Milembe aliendelea kuchapa. Nadhani alichapa kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Mimi nilikuwa na mkoba begani. Ningeweza kuondoka. Lakini ule usemi wake, kwamba inamuuliza na anaijibu hapana, ulikuwa unaniwasha. Mtu aliyechanganyikiwa hasemi kitu kile kile kila siku kwa maneno yale yale. Na nikatambua kwamba katika kuhangaika kwangu kote sikuwahi kukaa nikamwangalia anavyofanya kazi. Nilikuwa naangalia mashine tu. Nikavuta kigoda, nikakaa pembeni yake, nikamwomba aendelee kama kawaida.

Alichapa ukurasa. Macho yalikuwa kwenye karatasi ya wakulima, hayakugusa kioo. Mara akabonyeza F10. Mashine ikalia kidogo, kioo kikarukia kwenye orodha ya amri za juu. Yeye akabonyeza Esc, akaendelea.

"Hapo umefanya nini, Mama?"

"Nimesevu."

Hakuwa amesevu kitu.

Akaendelea. Akafika penye kifungu ambacho wakulima walikuwa wamekichorea mshale wa kukihamishia juu. Mkono wa kushoto ukashika Alt, kidole kikapiga F4. Dirisha dogo likaibuka katikati ya kioo. Mashine ikalia tena. Mama Milembe akainua macho nusu, akaona swali, na kabla sijafungua mdomo akapiga N. Dirisha likafungwa, programu ikafungwa, na kioo kikabaki na rangi yake ya kijani kibichi.

"Umeona?" akasema. "Imeniuliza kama natoka. Nimeiambia hapana."

Anastazia alirudi nyuma mpaka ukutani. Bwana Maduhu alisimama.

Nilianza kucheka. Najua haikufaa, lakini nilicheka mpaka Bwana Nkwabi akanifokea. Nikamwomba Mama Milembe afungue upya, achape neno lolote, abonyeze Alt na F4, halafu asiguse kitu. Dirisha dogo likatokea.

"Sasa soma. Inauliza nini?"

Akainama, akasoma polepole kile Kiingereza. Akasoma tena.

"Inauliza kama nisevu," akasema.

"Haijakuuliza kama unatoka. Kwamba unatoka, imeshaamua. Zamani Alt na F4 ilishika aya. Kwenye mfumo huu mpya, Alt na F4 ni kufunga. Programu ya kuandikia imekubali amri ya mfumo, na hakuna aliyekuambia. Wewe unaijibu hapana ukidhani unakataa kutoka, kumbe unakataa kusevu. Na F10 uliyoitegemea nayo siku hizi inafungua orodha tu. Kwenye barua fupi huhamishi aya, ndiyo maana zinapona. Anastazia anashika aya kwa mausi, ndiyo maana haijamkuta."

Anastazia alikuja mbele, akaangalia kioo, akaangalia kibodi. Alikuwa amekijua kitufe kile cha kufunga tangu darasani Mwanza. Hakuwa amewaza kwamba kuna mtu anakitumia kwa jambo lingine.

Lakini shemeji alikuwa hajatosheka, na sikumlaumu. Alikuwa ametumwa aone, na alichokiona ni kazi ikipotea na fundi akicheka. Nikasimama nikampisha kiti.

"Kaa hapa, baba. Chapa jina lako."

"Mimi sijui mashine."

"Chapa kwa kidole kimoja. Tutakusubiri."

Alilitafuta jina lake herufi kwa herufi, kama mtu anayeokota karanga mchangani. Maduhu. Akaliangalia pale kwenye kioo akalipenda. Nikamwambia ashike kile, apige hiki. Dirisha likaja. Nikamwambia apige N. Jina lake likatoweka pamoja na kila kitu.

Bwana Maduhu aliondoa mkono kama aliyegusa jiko. Akageuka, akamwangalia shemeji yake.

"Kumbe hata mimi," akasema.

Akaomba arudie. Akarudia mara kadhaa, na kila jina lake lilipopotea alisema neno lile lile, sauti ikizidi kuwa nyepesi, mpaka mwisho alikuwa anacheka na sisi.

Kilichobaki kilikuwa cha ufundi. Ndani ya mipangilio ya ile programu, mahali ambapo mtu hafiki bila sababu, palikuwa na nafasi ya kuchagua kibodi ya mtindo mpya au wa zamani. Nikaweka wa zamani, na Alt na F4 ikashika aya kama kawaida. Nikajiona bingwa, mpaka Anastazia alipokaa, akabonyeza F1 kuomba msaada na mashine ikafuta alichokuwa anafanya, kwa sababu huko zamani F1 ilikuwa ya kughairi. Nilikuwa nimemponya mmoja nikamwambukiza mwingine.

Programu iliruhusu pia kutengeneza kibodi yako mwenyewe, kitufe kwa kitufe. Basi niliwakalisha wote wawili kwenye meza moja, nikawauliza. Hiki kifanye nini?

"F1 mwachie Anastazia," alisema Mama Milembe. "Mimi msaada siombi."

"Basi F10 chukua wewe, Mama. Mimi nasevu kwa mausi."

"Na Alt F4?" nikauliza.

Anastazia alikuwa anajikwangua rangi ya kucha. "Hiyo ni yako, Mama," akasema. "Mimi nitafunga kwa mausi." Kisha akasema kitu kingine kwa sauti ndogo, akiwa ameinama, na Mama Milembe akamgusa mgongoni. Sikusikia, na nilijifanya nakaza skrubu ya kiti ambayo haikuwa imelegea.

Katiba ya Migato ilitoka. Wakulima waliipokea wakasema wabeja, asante ya kwetu, kwa kila mtu, hata kwa mashine. Bwana Maduhu alirudi Nkololo na kuwaeleza waliomtuma kwamba yeye mwenyewe amepoteza jina lake mbele ya mashahidi, mara nyingi. Alikuwa mtu wa kuaminiwa, maneno yakatulia. Hayakwisha. Mama Milembe, aliyekuwa akija kazini kutoka kijijini, alihamia mjini mwaka ule ule, akapanga chumba nyuma ya nyumba aliyokaa Anastazia. Aliniambia mashine nimeitengeneza, watu hajui kama wametengenezeka. Wakachapa pamoja pale mpaka duka lilipofungwa.

Mimi nikaenda kufanya kazi chuoni, mnakonijua. Nimeona kibodi za kila aina. Nimeitwa Lamadi kwa mhariri wa video za harusi ambaye kila akibonyeza kitufe cha kukata picha, kompyuta ya mkononi ilipunguza mwanga, kwa sababu mtengenezaji alikuwa amekipa kitufe kile kazi ya mwanga, ile yenye alama ya jua. Nikambadilishia ndani ya mipangilio, akashangaa kwa nini nilianza kwa kukaa na kumtazama anavyokata keki ya watu. Vitufe ni vile vile, wakubwa wawili, programu na mfumo, wanavigombania, na aliyeko katikati anaambiwa hajui kazi.

Wiki niliyostaafu nilikwenda kumsalimia Mama Milembe. Amezeeka sasa, anapepeta mchele uani na wajukuu wa Anastazia wanamwita bibi. Tukazungumza habari za siku zile, nikacheka tena kuhusu Bwana Maduhu. Yeye hakucheka.

"Kuna kitu sikukuambia," akasema. "Kabla ya siku ile nilikuwa nimeshaanza kujiuliza kama ni kweli. Watu wakikusema hivyo kila siku, na mashine inafunga ukiigusa wewe tu, unafika mahali unawaza, labda mimi ndivyo nilivyo na sijijui. Nilikuwa nimeacha kumbeba mtoto wa jirani."

Nikaona nisijipe sifa isiyo yangu.

"Mayu, mimi sikuwa nakuokoa," nikamwambia. "Nilikuwa naondoka. Nilitaka kujua tu."

Akautikisa ungo, pumba zikaruka, mchele ukabaki.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Wewe peke yako ulitaka kujua. Wengine wote walikuwa wameshajua."